Chai Ubavuni mwa Mota

Nyamizi alikaza nati ya mwisho. Mota ya zamani ya mashine ya kusaga ilikuwa imefungwa kwenye magogo. Siku moja ilichomoka ikamvunja mumewe mguu. Hii mpya imekaa juu ya msingi wa zege, aliomwagilia maji wiki nzima ili ukomae, kama miche ya nyanya.

Wanawake wenye ndoo za mahindi walirudi nyuma.

"Mama Sizya, una hakika?" mmoja wao alimuuliza.

Nyamizi aliweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni juu ya zege, ubavuni mwa mota, akawasha. Mkanda ukavuma. Chai ikabaki imetulia.

Mumewe, ambaye tangu avunjike mguu hakuwa amevuka kizingiti cha chumba cha mashine, akaegemeza mkongojo mlangoni, akaanza kukiendea kikombe.