Picha ya Mzee Mbaruku

Picha za viongozi wawili waliofariki mwezi uliopita zilitundikwa ukumbini, nyuma ya mwenyekiti mpya, Kiango. Alipoanza kumsifu mmoja wao, Mzee Mbaruku, Tunu, binti wa marehemu huyo, aliburuta benchi hadi ukutani akapanda.

“Keti, mwanangu. Tunamuenzi baba yako.”

“Mwanao nani? Miaka miwili mlimfungia mlango wa ukumbi huu. Alisema na watu kupitia dirisha lile, akinyeshewa.”

“Yamepita hayo. Leo tumemwingiza.”

“Kwa kuwa leo hajibu.”

Aliishusha picha ya baba yake, akatoka nayo. Hakwenda mbali. Aliisimamisha nje, kwenye dirisha lile lile, uso ukitazama ndani.

Kiango aliamuru dirisha lifungwe. Hakuna aliyenyanyuka.