Mpira wa Petroli

Fundi aliuvuta mpira wa petroli chini ya boneti, nao ukamkatikia kiganjani kama mkate uliolowa chai.

Muyambo aliupokea. Gari hilo alilinunua kwa fedha za pamba miaka thelathini iliyopita. Sasa, katika kiti cha nyuma, binti yake alikuwa akiuma ncha ya kitenge kwa uchungu wa uzazi, na hospitali ilikuwa bado kilomita arobaini.

"Petroli ya siku hizi imetiwa pombe ya miwa, Mzee," fundi alisema. "Magari mapya yanaimudu. Haya ya zamani yanaoza mipira."

"Isiyochanganywa inauzwa wapi?"

"Isiyochanganywa! Labda ukaiombe mizimu. Na mpira mpya uko mjini."

Muyambo aliitazama miwa iliyojipanga pande zote mbili za barabara. Hapo ndipo pamba ya kijiji kizima ilipokuwa ikiota, kabla yeye, mkuu wa kijiji, hajaitia sahihi karatasi ya kuikabidhi kampuni ya miwa ardhi hiyo, kwa mwandiko wake mzuri, akiwaambia wenzake kwamba maendeleo hayapingwi.

Mkewe alitoa kichwa dirishani. "Baba, gari lina nini?"

"Mpira umezeeka tu."

Fundi, ambaye shamba la baba yake lilikwenda na karatasi ileile, alijifuta mikono taratibu.

"Mwambie vizuri, Mzee. Mwambie ni miwa yako, ili ajue mjukuu wake anazaliwa shambani mwa nani."