Mzee Kengele

Kengele ililia tena, na nesi hakuhitaji kutazama taa ili ajue ni ya nani. Aliacha chai yake mezani, akaenda bila haraka.

"Haya, mzee. Safari hii kuna nini?"

"Hilo pazia, mwanangu. Jua linanichoma."

Jua lilikuwa upande wa pili wa jengo. Nesi alivuta pazia. Hasira zilikuwa zimemwisha siku nyingi, akabaki na ganzi tu, ya miguu na ya moyo. Mzee mwenyewe alikuwa amepasuliwa ngiri, mshono umeshika vizuri, na chooni anakwenda kwa miguu yake huku anapiga mluzi. Lakini kengele haimtoki mkononi. Mara saa ngapi sasa, mara feni inapiga kelele, mara eti leo siku gani. Manesi walimwita Mzee Kengele, tena mbele yake, na yeye alicheka tu.

Kwa kuwa alishafika, nesi aligeukia kitanda cha jirani. Hapo alilazwa fundi cherehani aliyepatwa na kiharusi. Hasemi, na mikono haiinuki. Alikuwa ameteleza tena kwenye mito, kidevu kimegusa kifua, anaanza kupaliwa na mate. Nesi alimwinua, akamfuta mdomo, akasubiri pumzi zitulie.

Huyu ndiye aliyemnyima raha. Akishuka kidogo tu kwenye mito, mate yanaweza kumuua. Siku alipoletwa, binti yake alimshika nesi mkono. "Dada yangu, baba hawezi hata kuita. Nakuachia wewe."

Na katika zamu yake nesi alikuwa peke yake, wodi imejaa pomoni.

"Mzee, si nilikwambia siku ile ya kwanza?" alisema akiwa anaondoka. "Kengele ni ya shida yako mwenyewe, siyo ya kuniulizia habari za majirani wala ya kupigia soga."

"Uliniambia, mwanangu. Nilikuelewa."

Chai aliikuta imepoa. Akaimwaga, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa wodi.

"Yule mzee atanimaliza," alisema. "Nguvu zote zinaishia kwake, na mwenye kunihitaji ni yule fundi. Siku nikichoka kabisa, nitampoteza."

Mkuu wa wodi alimtazama machoni, akaona kweli amechoka. Kesho yake asubuhi wakamhamishia Mzee Kengele chumba cha mwisho wa ukumbi. Alibembeleza abaki. Aliahidi kupunguza. Mwishowe akasema, "Basi tuhamisheni wote wawili, mimi na fundi."

"Kwani mmeoana?" aliuliza mkuu wa wodi, na wodi nzima ikacheka.

Baada ya hapo, raha. Nesi alichoma sindano zake, akabadilisha bandeji, akapokea mgonjwa mpya, na hakuna aliyemkatiza. Alipoketi, alikunywa chai ikiwa ya moto mpaka tone la mwisho. Hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kisha akampelekea mzee kidonge chake.

Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, uso kauelekeza mlangoni. Kitufe cha kengele kilining'inia ukutani vilevile kilivyoachwa asubuhi.

"Mzee, umetususa? Leo hujapiga hata mara moja."

"Nipige ya nini, mwanangu? Mimi sijambo." Alipokea kidonge, lakini hakukimeza. "Yule fundi, tangu mnihamishe, nani anampigia?"

Nesi aligeuza shingo, akasikiliza. Wodi ilikuwa kimya.