Koti Lililopigwa Pasi

Koti lilikuwa na alama ya pasi katikati ya mgongo, nyeusi, wazi kama unyayo kwenye matope. Mzee Gu Pan-seok alilitandaza juu ya meza ya duka, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Binti, nani alikutuma kupiga pasi gwanda la askari wa akiba?"

Mwanamke kijana aliyelileta aliinamisha uso. Kucha zake zilipakwa rangi vizuri, macho yamevimba kwa kulia. Pale kifuani panaposhonwa kitambaa cha jina zilibaki nyuzi tupu; jina lilikuwa limebanduliwa kwa wembe.

Duka la Mzee Gu lilijibana kwenye uchochoro nyuma ya stesheni ya Yeongdeungpo, limejaa buti, mahema na magwanda yaliyotoka jeshini, yamerundikwa hadi darini. Watu walikuja kununua mshipi wakaondoka na habari za mtaa mzima. Mzee mwenyewe alishinda kwenye kiti cha cherehani, juu ya mto wa hariri ya zambarau uliokatwa kwenye sketi ya sherehe ya marehemu mkewe. Mabaki ya sketi hiyo aliyatoa kwa kubana, kipande kwa kipande, kama dawa adimu.

"Mume wangu anarudi leo jioni kutoka mafunzo ya akiba," mwanamke akasema. "Siku tatu, kambini. Nataka koti kama hili."

"Yuko mafunzoni, na koti lake liko kwako? Anafanya gwaride kifua wazi?"

Mwanamke akaona haya mpaka masikioni. Kisha akashusha pumzi. "Si mume wangu, baba. Ni mume wa mtu."

Mzee Gu akavuta kiti karibu. Siku yake ilikuwa imenoga.

"Sema taratibu. Hapa hatuulizi jina. Hapa mtu ni saizi tu."

"Mia na tano. Amelala kwangu, hajui kama nimetoka. Nilitaka kumfurahisha tu, nikamfulia, nikapiga pasi. Saa kumi na mbili anatakiwa awe nyumbani kwake. Mkewe akiliona koti hili atajua kila kitu, nami ndio mwisho wangu."

"Hata lisingeungua mngekamatwa. Umewahi kuona mtu anatoka mafunzoni amenyooka kama bwana harusi?" Akatikisa kichwa. "Alimaliza jeshi lini huyo?"

"Mwaka wa saba sasa."

Mzee akapiga paja. "Wa saba! Mafunzo ya kulala kambini yanaishia mwaka wa nne, binti. Wa saba hata simu hapigiwi! Kwani huyo mke hana kaka? Hana baba? Mwanaume yeyote wa nchi hii kapita jeshini; angemwambia."

"Baba anaye. Ila anasema mzee huyo anaongea sana, hapati nafasi ya kusikiliza."

"Wapo wa namna hiyo," alisema Mzee Gu kwa huruma, akipanda ngazi kutafuta saizi.

Mama Dong-su, muuza supu wa jirani, akachungulia mlangoni na bakuli la kabichi iliyochachushwa, limefunikwa.

"Mzee, binti yako kapita, kakuachia kimchi. Tumbo lile, anatembea kama bata masikini! Kasema leo jioni..."

"Weka hapo, Mama Dong-su! Nina mteja!"

"Mteja au umbea?"

"Vyote viwili!"

Mama Dong-su akacheka, akaliacha bakuli juu ya rundo la mahema, akaenda zake.

Mzee Gu akashuka na koti la rangi ileile, limechakaa kiasi cha kutosha. Kazi ikaanza. Alilitupa uchochoroni akalikanyaga kwa visigino. Akalisugua kwenye udongo wa chungu cha maua. Akawasha sigara, akalipulizia moshi kwapani na kwenye kola.

"Na asinukie sabuni," akafundisha. "Akifika mlangoni alalamike kuhusu chakula kabla hajavua buti. Wali baridi, supu kama maji ya kuoshea vyombo. Mke akisikia manung'uniko hana swali tena. Huyu mke mwenyewe yukoje? Mjanja?"

"Mpole. Anaamini chochote anachoambiwa."

"Basi tumeshapona! Wapole ndio wanaowalaza watu usingizi mnono."

Wakacheka wote wawili. Uso wa mwanamke ukachangamka kwa mara ya kwanza.

"Leta jina nilishone."

"Hapana, baba. Nitashona mwenyewe." Alibana mkoba wake kwapani.

"Vizuri, siri yako. Uzi mweusi, mishono mikubwa, kama imeshonwa na mwanaume." Akamkunjia koti jipya kwenye mfuko, amejaa fahari kama mganga aliyemwinua mgonjwa. Lile lililoungua akalisukumia kando. "Nenda. Na kesho uje unisimulie, usininyime!"

Mwanamke akainama kumshukuru mara mbili. Alikwishafika mlangoni alipojipiga kipaji cha uso, akarudi mbio.

"Baba, nusura nisahau! Kuna kimfuko ndani, cha kuwekea pakiti ya kupasha joto. Naomba ukihamishie kwenye hili. Anasema mkewe hukipapasa kila akirudi, maana baba wa huyo mke ndiye aliyekishona, siku ya harusi yao."

Mzee akalichukua koti lililoungua, akaligeuza ndani nje juu ya meza.

Kimfuko kilikuwa kidogo, mishono yake myembamba na iliyonyooka, hariri ya zambarau, rangi ileile aliyoikalia Mzee Gu tangu asubuhi.