Mtihani wa Bi Tembo

Chemchemi ilipoanza kukauka, Bi Tembo aliwachukua Buku, panya mchimbaji, na Mbega mkwezi, awafunze uongozi. Kazi yao ikawa kubishana: Buku hakujua ila udongo, Mbega hakujua ila majani.

“Leo mnabadilishana!” Bi Tembo akaamuru. “Mbega, ingiza kichwa shimoni mwa Buku. Buku, panda mtini.”

Haukupita muda, Mbega akapiga kelele: “Buku! Udongo huku umeshindiliwa kama sakafu, maji ya mvua hayapenyi kufika chemchemini!”

“Naiona njia iliyoushindilia!” Buku akajibu kutoka kileleni, akirukaruka. “Ni pana, na inaanzia... inaanzia mlangoni kwako, Mwalimu!”

Bi Tembo akazitazama nyayo zake. Kisha akapiga masikio kwa furaha.

“Mmefuzu! Haya, viongozi wangu, niambieni nipite wapi.”