Mshindi wa Fainali ya Mwisho

Wachezaji wanaotumia mkono wa kushoto ndio waliotimuliwa kwanza.

"Mashoto wanawachanganya watazamaji," Bingwa alimweleza mwandishi bila hata kupepesa macho. "Ikabidi tuweke sharti."

"Mliweka wewe na nani?" mkewe alidakia kutoka jikoni. "Kikao chenyewe kilikuwa wewe na kioo."

Mwandishi alimeza kicheko, akaandika. Alikuwa ametumwa na baraza la mji. Ukumbi wa zamani wa tenisi, uliogeuzwa ghala la magodoro, ulikuwa unakarabatiwa, na baraza lilikwishaamua upewe jina la mshindi wa fainali ya mwisho kuchezwa humo ndani. Kazi ya mwandishi ilikuwa kuandika historia fupi ya mashindano na kulipeleka jina hilo.

Bingwa alitaka liwe lake. Alilitaka kiasi cha kumpokea mgeni akiwa ndani ya suruali yake ya michezo ya ujanani, iliyomlazimu kukaa kwa awamu.

Historia yenyewe haikuwa ngumu. Mwaka wa kwanza Bingwa alichukua kombe kwa uhodari wake, hilo halina ubishi. Baadaye akachaguliwa mwenyekiti wa mashindano, na uhodari ukaanza kusaidiwa na kanuni. Shoto mmoja alimtesa kwenye nusu fainali. Mashoto wakapigwa marufuku. Mwalimu wa hesabu alimkimbiza kona hadi kona; likaja sharti la kutokimbia ovyo. Daktari wa meno akathubutu kumlalamikia mwamuzi. Walalamikaji nao wakaonyeshwa mlango. Wakafuata wachelewaji, wakafuata wanaotoka jasho, eti wanalowesha sakafu.

"Na wewe ulikuwa hutoki jasho?" mwandishi aliuliza.

"Mwenyekiti hatoki jasho, dada yangu. Anang'aa."

"Haya. Fainali ya mwisho ulicheza na nani?"

Bingwa alikunywa maji. Akakohoa. Akanywa tena. "Wachezaji walikuwa wameadimika. Unajua, viwango vilishuka sana."

"Si umwambie tu?" Mkewe alitokea mlangoni akijifuta mikono. Siku ile ya fainali walikuwa wachumba bado, na mwamuzi, kule juu kwenye kiti kirefu, alikuwa yeye. "Alicheza na Ukuta."

Kalamu ya mwandishi ilisimama. Jina la utani kama hilo, aliwaza, mtu hapewi bure.

"Na huyo Ukuta alipenya vipi kwenye masharti yote hayo?"

"Kama maji," mke alisema. "Shoto hakuwa. Kukimbia ovyo, hakukimbia. Tone la jasho halikumtoka. Kuchelewa, hakuchelewa, sisi tulimkuta ukumbini. Na kulalamika? Sijawahi kumsikia akifungua mdomo."

"Kiburi tu!" Bingwa alifoka. "Hata mkono hakunipa!"

"Mchezo wake ulikuwaje?"

"Wa kuudhi! Ukimpigia taratibu, anakurudishia taratibu. Ukimpigia kwa hasira, anakurudishia hasira yako yote na chenji juu. Ubunifu sifuri!"

"Ubunifu ulikuwa nao wewe," mke alisema. "Ndiyo maana ulimaliza umepiga magoti, raketi iko kwenye viti vya watazamaji."

"Alibahatisha."

"Seti zote, mume wangu?"

Bingwa alimpuuza, akamsogelea mwandishi kwa awamu. Sauti ilishuka, ikawa ya mtu anayeomba kweli. "Dada yangu, kesho yake niliyafuta mashindano na matokeo yake. Mwenyekiti nilikuwa mimi, uwezo huo nilikuwa nao. Andika jina langu tu. Nina wajukuu, wanapita pale kila siku wakienda shule. Nataka wasome jina la babu yao. Yule mwenzangu hata hatajali."

Mwandishi alimwonea huruma, lakini kalamu hakuisogeza. "Siwezi kuandika upande mmoja, mzee wangu. Lazima nimsikie na yeye. Yupo hai?"

Mume na mke walitazamana.

"Yupo," mke alisema. "Hajahama."

"Naweza kumwona leo?"

"Leo, kesho, ukitaka. Hana pa kwenda."

Waliongozana wote watatu. Bingwa alikuja nyuma, amebeba raketi, na alipoulizwa ya nini alisema ya usalama.

Magodoro yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Ukumbi ulinuka rangi mbichi, na mistari ya uwanja ilionekana kwa mbali sakafuni. Kila fundi aliyepita, mwandishi alimpima kwa macho. Mmoja alikuwa na mabega mapana kama kabati, amebeba mlango mzima peke yake. Mwandishi akajiweka sawa, akamtolea tabasamu la heshima.

"Siye huyo," mke alinong'ona. "Twende mbele."

Wakaenda hadi ukumbi ukaisha. Viatu vilikuwa vimeanza kumbana mwandishi. Aliegemeza mgongo kwenye lipu ya zamani, iliyojaa alama za mviringo kutoka chini hadi juu ya kichwa chake, akafungua daftari, akaandaa swali la kwanza. Bingwa alisimama mbali, raketi ameishika kwa mikono miwili, akitazama upande ule kwa chuki ambayo miaka haikuipunguza hata kidogo.

"Huyu Bwana Ukuta," mwandishi aliuliza, "atachelewa sana?"

"Hajawahi," mke alisema kwa upole. "Umemwegemea."