Maandishi Mekundu

Kila asubuhi boila likianza kupata moto, kompyuta iliyoletwa na tajiri aliyekinunua kiwanda ilitoa maandishi mekundu ya Kiingereza. Fundi aliyeifunga alitufundisha jambo moja tu: yakitokea, bonyeza Enta. Herufi za kitufe hicho zilikuwa zimefutika kwa kidole changu.

Siku hiyo niliyafuta, yakarudi. Nikayafuta tena, yakarudi. Ndipo nikayasoma. Kompyuta haikuwa ikipata kipimo cha nguvu ya mvuke ndani ya boila. Namba ndogo niliyokuwa nikiitazama ilikuwa ya jana.

Chini ya dirisha langu, mbele ya tanuri la boila, Deogratias, mchochea moto wetu, alinipungia mkono wenye masizi. Ndiye aliyekuwa akiniletea karoti za kwao Uluguru.

"Dada, niongeze kuni?"

"Aongeze!" msimamizi alisema nyuma yangu. "Mvuke uko chini, huoni? Bonyeza, mama."

"Shikamoo mzee, naomba..."

"Umeshaniamkia. Bonyeza!"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kikombe changu cha chai kilianza kutetemeka mezani kwa mtikisiko wa boila.

Sikuwa nimewahi kupaza sauti kiwandani.

"Deo, acha kuni! Kipimo ni cha jana, mvuke umezidi, boila litapasuka! Kimbia!"